Fahali Asiye na Muuzaji

Kwa kauli moja, na kwa manufaa ya vizazi vijavyo vya ng'ombe, Baraza la Kijiji cha Krähenbrunn lilitangaza mnamo Machi 1938 kwamba ng'ombe jike yeyote aliyenunuliwa kwa Myahudi, iwe moja kwa moja au kupitia mtu wa tatu, hataruhusiwa kupandwa na fahali wa kijiji.

Hiyo kauli moja haikutiwa chumvi. Zamani baraza lilikuwa na wajumbe tisa, na vikao vyake vilikuwa aibu tupu: watu wanabishana mpaka bia inapata moto, kisha wanapiga kura, kisha walioshindwa wananuna hadi mavuno. Tangu 1933, chama kimoja kilipoitwaa nchi, mambo yalinyooka. Wajumbe wawili walipelekwa kambini kwa usalama wao wenyewe, na mmoja akarudi bila meno na bila maoni. Waliobaki wakagundua kwamba kila walichotaka kusema Meya Dörflein alikuwa keshakisema. Ikabaki kura moja, ya meya, nayo ilihesabiwa kwa uangalifu ule ule.

Aliyeihesabu alikuwa Eugen Pfrang, katibu wa kijiji, mwenye mihuri mitatu na imani moja: jambo lisilogongwa mhuri halijatokea. Mvua isiyo na mhuri, kwake, ilikuwa umande.

Pfrang alilibandika tangazo kwenye pampu ya maji, akasimama kando kujibu maswali ya wananchi. Wa kwanza kufika alikuwa mjane Rauh, kamba mkononi, na kwenye kamba ng'ombe wake aliyekuwa akitaka dume.

"Kwa hiyo huyu wangu ni Myahudi?"

"Hapana, mama. Alinunuliwa kwa Myahudi."

"Mwenyewe anajua?"

"Haijalishi kama anajua."

"Na fahali je, mmemuuliza? Maana jana alikuwa hana neno."

Pfrang akaandika kwenye daftari: *Wananchi wamelipokea tangazo kwa hamasa.*

Siku ya tatu aliingia ofisini Sigmund Heumann, mfanyabiashara wa ng'ombe, kofia mkononi, viatu vimefutwa vizuri. Ilikuwa mara yake ya nne. Binamu yake aliyeko Argentina alikuwa amewapatia Wayahudi wote kumi na mmoja wa kijiji nafasi kwenye shamba lake la ng'ombe. Meli ingeondoka Hamburg tarehe kumi na nne. Kilichokosekana ni cheti cha mwenendo mwema kwa kila mmoja, chenye sahihi ya meya. Bila cheti hakuna viza. Bila viza, meli ingeondoka na wao wakibaki kuitazama.

"Nimeshakwambia," meya alisema bila kuinua kichwa. "Myahudi hana mwenendo mwema. Nikisaini nitakuwa nimesema uongo, na mimi ni mtumishi wa umma."

"Leo sikuja kwa hilo, mheshimiwa. Nimekuja kutoa taarifa, kama raia mwema. Samahani, uraia mlishaninyang'anya. Kama mpita njia mwema. Yule fahali wenu nilimuuza mimi."

Kalamu ya Pfrang ikasimama hewani.

Si kwamba ilikuwa habari. Meya alijua, kwani ndiye aliyemchagua fahali mwenyewe na kumpapasa mgongo. Pfrang alijua. Kijiji kizima kilijua, maana fahali wa Heumann walikuwa hawana mfano kuanzia hapo mpaka mto Main. Lakini kujua ni kujua tu. Sasa lilikuwa limesemwa ofisini, saa za kazi, mbele ya katibu.

"Pfrang," meya alisema polepole, "kama ng'ombe wa Myahudi haruhusiwi kwa fahali, basi fahali wa Myahudi..."

"Haruhusiwi kwa ng'ombe, Bwana Meya. Ndama wote wa miaka minne ni batili. Na maziwa yao. Na siagi."

"Siagi ipi?"

"Ile uliyompelekea mkuu wa chama wilayani. Pasaka. Kilo tano."

Meya akakaa. Alikuwa amekaa tayari, lakini alikaa zaidi.

"Akaila?"

"Aliandika barua ya shukrani, Bwana Meya. Nimeigonga mhuri."

Ni hapo Pfrang alipopata wazo ambalo kwa miaka saba aliliona kilele cha utumishi wake. Fahali hawezi kuwa amenunuliwa kwa mtu asiyekuwepo. Iandikwe kwamba fahali alizaliwa zizini kwa meya, na kwamba Krähenbrunn hakujawahi kuishi Myahudi. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: Heumann alikuwepo. Tena alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Kutokuwepo naweza kuwasaidia," Heumann alisema kwa upole. "Kuanzia tarehe kumi na nne sitakuwepo kabisa. Nipeni cheti tu."

"Kimoja!" meya akasema.

"Na mke wangu. Yeye ndiye aliyemvuta fahali tumboni mwa mama yake."

"Viwili."

"Dada yangu alimlisha kwa chupa, na mumewe alikuwa anaishika chupa. Watoto watatu walimpanda mgongoni wakipiga tarumbeta, mheshimiwa. Hao ndio watakaosema kwanza, watoto hawana breki. Wazee Stern, mume na mke, walimtibu kuhara. Na mama mkwe alimpa jina."

"Jina lake ni Wotan, mungu wa mababu zetu! Nilimpa mimi!"

"Nenda kamwite."

Wakaenda zizini wote watatu. Meya akaita "Wotan!" kwa sauti ya gwaride. Fahali akamgeuzia makalio. Heumann akanong'ona, "Bubele, mwanangu," na ule mlima wa nyama ukaja mbio kama paka aliyesikia sahani, ukamlamba sikio.

"Kumi," meya alisema, akijifuta jasho. "Kumi na kwaheri."

Wa kumi na moja alikuwa Julius Seligsberg, mwalimu mstaafu. Heumann alimleta ofisini akimshika mkono.

"Mwalimu, waambie ulimvuta mkia."

"Sikumvuta."

"Basi ulimwona! Sema ulimwona, yatosha."

"Kila mtu amemwona, Sigmund. Siwezi kutoa ushahidi wa kijanja mbele ya serikali."

"Serikali gani, baba yangu? Hii?"

"Serikali zinapita, sheria inabaki. Nilipigana vitani miaka minne kwa ajili ya nchi hii. Watanifanya nini?"

Heumann alimsihi kwa dakika ishirini. Alilia, na Pfrang akaangalia dirishani, kwa kuwa machozi hayana fomu. Mwalimu alikataa. Meya alisifu kwa dhati heshima yake kwa sheria, kisha akasaini vyeti kumi.

Watu kumi wa mwenendo mwema wakapanda meli. Kiapo cha meya kikapelekwa wilayani kikiwa na mihuri yote mitatu: *Katika Krähenbrunn hajawahi kuishi Myahudi yeyote.* Wilaya ikajibu kwa pongezi.

Aprili 1942 ikaja amri ya kuorodhesha Wayahudi watakaohamishiwa mashariki. Pfrang alichapa orodha nadhifu yenye jina moja, meya akasaini. Seligsberg alikuja kituoni na sanduku moja na nishani yake ya vita, akamkabidhi Pfrang ufunguo wa nyumba, akaomba risiti. Akapewa. Hakurudi. Katika behewa lile hakurudi mtu.

Majira ya joto ya 1945 kiti cha meya kilikaliwa na kapteni Mmarekani aliyesema Kijerumani kizuri kuliko cha wenyeji. Dörflein alisimama upande wa pili wa meza, kofia mkononi.

"Mimi niliwaokoa Wayahudi kumi, Bwana Kapteni! Kwa mkono huu! Pfrang, lete faili."

Pfrang alilileta kwa fahari. Halikuwa na ukurasa uliopungua. Kapteni alisoma taratibu.

"Hapa umeapa kwamba hawakuwahi kuishi Wayahudi. Sasa ulimwokoa nani?"

"Hilo lilikuwa... ni mambo ya fahali, Bwana Kapteni."

"Fahali gani?"

Dörflein alieleza kwa dakika arubaini. Hata alipofika kwenye Bubele, kapteni hakucheka. Akafungua ukurasa wa mwisho.

"Na huyu wa 1942? Kama kijiji hakikuwa na Myahudi, huyu mlimtoa wapi?"

Dörflein alimtazama Pfrang. Pfrang aliitazama mihuri yake, yote mitatu.

"Alikuwa mwalimu wetu," akasema.

"Wenu ninyi wawili?"

"Ndiyo, Bwana Kapteni. Miaka saba."

"Aliwafundisha nini?"

"Kusoma na kuandika."

Kapteni akawasukumia karatasi mbili tupu.

"Basi kaeni chini," alisema. "Andikeni."