Mama Paul Ametoa Wapi Mabati?

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mabati ya nyumba mpya ya mawe yamefika kwa Mama Paul. Ya bluu. Lori zima. Nimeyatazama kutoka kwenye karasha yangu mpaka shingo ikauma.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunibishia. Mama Paul, yaani Edinah, ni mjane aliyekuja Masara kutoka Kegonga akiwa na karai moja. Kazi yake ni kuosha mchanga wa dhahabu kwenye karasha yangu. Mimi Joash, Baba Terry, ndiye mwenye hiyo karasha, mashine ya kusaga mawe. Nimemaliza kidato cha nne. Hutembea na kalamu mfukoni. Kati yetu, nani anastahili nyumba ya mawe? Mimi nalala chini ya bati linalovuja, tena upande wangu tu. Upande wa mke wangu Jerusha ni mkavu.

Isitoshe, mama huyu hana akili ya biashara. Ubao wa kuoshea mchanga hutandikwa magunia, na magunia huchakaa. Leo tena ameniletea mapya kumi na mawili, akabeba yangu kumi na mawili yaliyooza. Bure! Mwaka wa tatu sasa tunabadilishana hivyo, na kila mara naenda nyuma ya choo kucheka. Mtu anayetoa kipya akachukua kikuukuu hawezi kupata mabati kwa jasho. Kuna mkono wa pili. Nashuku jini.

Jumatano, 5 Machi

Nimejificha nyuma ya ua wake saa nne asubuhi. Miiba mitupu.

Leo ni Jumatano ya Majivu, Wakatoliki wamepakwa kwenye paji la uso. Mama Paul ni Mkatoliki, lakini majivu niliyoyaona si ya padri. Amerundika nusu ya magunia yangu uani, akayachoma. Akakoroga majivu ndani ya karai la maji. Akalizungusha taratibu, ameinama, huku akiimba kwa sauti ya chini. Kisha akatabasamu.

Nimekimbia. Kipande cha suruali kimebaki kwenye ua. Jerusha ameuliza nilikuwa wapi. Nimesema kazini. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sijui alinuia nini. Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Paul ameenda Homa Bay na kifurushi kilichofungwa kwa leso. Nikamfuata, nimevaa kofia ya Jerusha ya jua. Nilijua tu: jini ni la ziwani, leo ni siku ya kulilisha.

Ameelekea hospitalini. Ametoa kifurushi kwa kijana aliyevaa koti jeupe. Ni Paul, mwanawe, anasomea udaktari wa meno. Ndani mlikuwa na viazi vitamu. Nikasogea nivione vizuri. Mama Paul akageuka, akanisalimu, Baba Terry, hata wewe umekuja, na hiyo kofia inakupendeza. Nikasema nimekuja kuona jino.

Akanipeleka kula samaki kando ya ziwa. Nikakataa. Akaagiza tu. Nikaapa sitagusa kichwa, maana dawa hukaa kichwani. Nikala mwili, kisha kichwa, kisha wa pili. Paul akanikagua meno bila malipo. Akasema meno yangu hayana tatizo, ila moja limeoza.

Tumbo limenisumbua njia nzima. Ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda Migori mjini kwa Faruk, anayeuza makarai na magunia. Nimemngoja atoke kuswali. Watu wa kwao huko pwani wanajua majini, nimesikia hivyo. Nikamuuliza kwa heshima, jini dogo linaweza kugharimu kiasi gani.

Faruk alishusha karai alilokuwa akilipanga. Akasema kwao ni Isiolo, hakuna bahari, na katika duka lake kuna vifaa vya kuchimbia tu. Akaongeza kwamba Mama Paul hununua kwake magunia kumi na mawili kila wiki mbili. Akauliza, mzee, wewe hujawahi kuchoma gunia lako kuukuu? Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Akacheka, akanipa chai. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Wote lao moja.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Nimempeleka naibu wa chifu, Bwana Jeremiah, nyumbani kwa Mama Paul ashuhudie uchawi. Akina mama wote wanaoosha mchanga kwangu wakafuata. Nikamwonyesha moto wa magunia yaliyobaki, nikamwonyesha karai. Nikasimama kando mikono nyuma, nikingoja pingu.

Mama Paul hakushtuka. Alimkaribisha Bwana Jeremiah kwenye kiti, akazungusha karai, akaliinamisha juani. Chini kulikuwa na mstari mwembamba wa manjano. Akaeleza kwamba vumbi la dhahabu lililo laini sana hunasa kwenye nyuzi za gunia, na kulikung'uta hakulitoi. Ukilichoma na kuosha majivu, dhahabu inabaki. Mama yake alimfundisha.

Bwana Jeremiah akauliza magunia ni ya nani. Akina mama wote wakanitazama. Mama Paul akasema kwa upole, ni ya Baba Terry, huniambia kila mara nichukue takataka hizo, nikadhani anajua, nikamletea mapya kwa shukrani.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Bwana Jeremiah alicheka akiwa ndani ya sare. Miaka mitatu! Ule mstari wa manjano ulikuwa wangu. Nyumba ile ni yangu, mabati yale ni yangu, hata meno ya Paul ni yangu.

Nikampiga marufuku Mama Paul kukanyaga karasha yangu, pamoja na yeyote aliyecheka.

Jumanne, 11 Machi

Mpango. Nimechoma magunia yote ya stoo, yale mapya aliyoniletea wiki jana, ambayo hayajatumika. Nimeosha majivu toka asubuhi hadi saa tisa. Mgongo umekufa. Nimepata majivu.

Jerusha amesema gunia jipya halijaona dhahabu, litatoa nini. Nimemwambia shida si gunia, shida ni ule wimbo. Mama Paul hakuimba mbele ya Bwana Jeremiah. Alificha.

Mwosha mchanga hajafika hata mmoja. Wote walicheka, kwa hiyo wote wamepigwa marufuku. Wako kwenye karasha ya ng'ambo ya barabara.

Jumatatu, 17 Machi

Karasha haijanguruma siku sita. Kuku wametaga ndani ya mtambo. Mashine hii ndiyo iliyomsomesha Terry wetu, ndiyo inayotulisha, na bila akina mama wa kuosha mchanga wake ni chuma tu. Naogopa. Naandika hivyo hapa, sitamwambia mtu.

Jerusha amesema niende nikaombe msamaha, neno moja tu. Niombe msamaha kwa aliyetajirika na magunia yangu? Mwenye haki haombi. Nina mbinu bora: nitamuuzia Mama Paul karasha kwa bei ya kumkomesha. Akikosa pesa ataaibika. Akiwa nazo, zitarudi kwangu ambako zilistahili kuwa.

Jumatano, 19 Machi

Amekubali. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika, akasema afadhali tufanye kazi pamoja kama zamani. Nikajua anataka kupunguziwa. Nikakaza. Tukatia sahihi kwa Bwana Jeremiah, kwa kalamu yangu.

Jerusha aliosha vyombo. Alisugua sufuria moja jioni nzima. Heri angenifokea.

Ijumaa, 28 Machi

Karasha inanguruma tangu alfajiri. Akina mama wamejaa hadi barabarani. Mama Paul amemwajiri Jerusha kuosha mchanga. Ameniajiri na mimi, maana ile injini inanisikiliza peke yangu. Nimekubali ili nimchunguze kwa karibu.

Na nimegundua! Jini halikuwa kwake. Lilikuwa ndani ya mashine wakati wote. Kwangu lililala njaa kwa sababu mimi ni mtu safi, kwake limeamka. Mungu si Athumani, amenitoa mapema. Nimemuuzia Mama Paul jini kwa bei kubwa, wala hajui.

Jambo moja linanikosesha raha. Leo Jerusha amerudi na kuku mzima, unga, na viatu vipya vya Terry. Bati la upande wangu ameshamwita fundi. Nimemuuliza pesa katoa wapi. Amejibu kwamba ameosha mchanga wiki nzima, nami nilikuwa pale nikimwona.

Ndivyo wanavyosema wote. Kesho nitavaa ile kofia, nimfuate.