Kompyuta Yenu Imenigombanisha na Dada Yangu

Himyar Nasri,
Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja,
Nguzo Nne Wajenzi, Usagara.

Ndugu Meneja Wilfred,

YAH: KUOMBA NYUMBA YANGU ITOLEWE NDANI YA KOMPYUTA

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mafundi wako wote, pamoja na mlinzi wa saiti ambaye huniitikia vizuri kila ninapopita. Mimi ndiye mwenye ile nyumba ya ghorofa inayojengwa kwenye kiwanja cha marehemu baba yetu. Tulipoanza, mhandisi wenu Anastazia alinieleza kwamba siku hizi nyumba hujengwa kwanza ndani ya kompyuta, kwa mfumo mnaouita BIM. Mchoraji, fundi bomba, fundi umeme na mwenye nyumba wote huweka taarifa zao humo, na penye mgongano panageuka pekundu kabla zege halijamwagwa. Nilifurahi sana. Nikaomba hata jamaa zangu waunganishwe kwenye simu zao, nikidhani wataona picha tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfumo umetunyima raha ya ujenzi. Juzi uligundua kwamba bomba la choo cha juu lingepita katikati ya nguzo, likahamishwa kimyakimya. Zamani tungeligundua ukuta ukishasimama, tukaubomoa, tukakaa kwenye kivuli cha matofali na kahawa yetu, na lawama zote akabebeshwa fundi Uweso, ambaye amezizoea na hazimnyimi usingizi. Sasa kila badiliko lina jina la aliyelitaka. Uweso hana tena la kulaumiwa, na siku hizi ananitazama mimi.

2. Kile chumba cha chini kinachotazama bustani. Mama mkwe alikiomba kwa sababu ya magoti yake, nikamkubalia. Mdogo wangu Luay alikiomba aweke cherehani zake, nikamkubalia. Dada Hamdiya, aliyenilea tangu mama yetu afariki, alikiomba kwa sababu hapo ndipo kilipokuwa chumba cha mama katika nyumba ya zamani. Huyo nilimkubalia huku machozi yananitoka. Ndugu Meneja, kwetu mtu hakataliwi usoni. Unamkubalia, anaondoka na furaha yake, na mengine yatajulikana mbele ya safari. Enzi za ramani za karatasi kila mmoja angepewa karatasi yake na tungeendelea kupendana. Lakini Anastazia, binti mwadilifu wa Kilutheri kutoka Lushoto, alinisikia na akaniamini! Akaingiza yote. Chumba kikawa chekundu kama pilipili, na mfumo ukawapelekea ujumbe wote watatu kwa pamoja.

3. Jamaa wamehamia kabla nyumba haijaisha. Mama mkwe anashinda humo ndani ya simu akizunguka vyumba, na sasa analalamika kwamba jiko lina joto. Jiko lenyewe kwa sasa ni lundo la mchanga na toroli. Ameshagombana na Luay kwa kelele za cherehani ambazo hazijafungwa. Majirani wa dada kule Makorora, kwa simu yake, wanapita sebuleni kwangu bila hodi, na mmoja kasema hayapendi madirisha.

4. Hili ndilo linaloniuma. Dada Hamdiya hasemi nami. Kila Ijumaa alikuwa akiniletea mkate wa ufuta. Sasa anaupitisha mlangoni kwangu ukinukia, anaupeleka kwa Luay. Nilipomfuata kumwomba radhi alinijibu, "Kaiombe radhi kompyuta, ndiyo inayokujua." Nilirudi nyumbani nikalia, mtu mzima mimi na mvi zangu.

Na Anastazia anasema zege la ghorofa halitamwagwa mpaka chumba kile kipate mwenyewe mmoja. Kwa hiyo naomba nyumba yangu itolewe kwenye kompyuta irudi kwenye karatasi. Ikishindikana, mfumo ufundishwe adabu, umwonyeshe kila jamaa nyumba anayoitaka yeye. Hilo nalo likishindikana, basi jengeni nyumba tatu ndani ya kompyuta, kila mmoja na yake, na kiwanjani msijenge kitu. Kiwanja kitupu hakigombanishi watu.

Nisalimie Anastazia, sina kinyongo naye, na wazazi wake huko Lushoto, na Uweso, na mlinzi asisahauliwe.

Wako, mwenye chumba kimoja na ahadi tatu,
Himyar Nasri.

Nyongeza: Usifuate niliyoandika hapo juu. Kabla sijafunga bahasha, dada Hamdiya ameingia na mkate wa ufuta mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kumbe wote watatu wamekuwa wakikutana humohumo kwenye mfumo na Anastazia, wakajadiliana chumba kwa chumba bila mimi, na wamepatana. Dada anachukua chumba cha mama, mama mkwe anakaa pembeni yake, Luay na cherehani zake upande wa barabarani. Hakuna pekundu hata mahali pamoja. Mke wangu amepata chumba kizuri juu, na mimi nimewekwa chini ya ngazi karibu na pampu ya maji, ambako naomba dirisha tu. Mwageni zege kesho. Ila Luay amenipigia simu sasa hivi, anataka abadilishane na mama mkwe, na nimemkubalia. Tafadhali, Anastazia asijue.