Katiba ya Chumba Changu

Jumapili, 5 Oktoba
Balaa! Balqees, binti wa ami yangu, anakuja kwetu kutoka mji wa Sur kusoma uuguzi. Miaka mitatu. Atalala chumbani kwangu! Nilitaka kukataa, nikaishia kumwambia Mama sambusa zake tamu. Hii haya yangu itaniua.

Lakini leo, shule ikianza wiki, Ustadh Hatem katufundisha Katiba ya Marekani. Serikali kuu ina mamlaka iliyopewa tu. Yaliyobaki ni ya majimbo au ya wananchi. Moyo ukaniruka. Chumba changu ni jimbo!

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeandika katiba ya nyumba, Kiswahili na Kiarabu. Nimeibandika kwenye friji, nikakimbia. Serikali kuu ni Bibi Kheiria. Mamlaka yake: udi, kiyoyozi cha sebuleni, na wageni. Wageni ningemnyima vipi? Nyumba hii nani anakaribisha mtu bila yeye? Mengine yote ni ya majimbo manne: chumba changu, cha Mama, cha kaka Safwan, cha Bibi mwenyewe.

Bibi kavaa miwani, kasoma yote, kasema nzuri sana mwanangu, nnatia saini. Nimecheka, uso kwenye mto wa kitanda.

Jumanne, 7 Oktoba
Balqees kafika, masanduku matatu. Nimenyoosha kidole kwenye friji. Bibi kaniuliza, huyu nani kama si mgeni? Na wageni ni wa nani? Kanisomesha ibara yangu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu! Safwan kacheka mpaka kapaliwa na chai. Mgeni kapewa kitanda. Mimi godoro, chini.

Jumatano, 8 Oktoba
Marekebisho! Kama Marekani: robo tatu ya majimbo yakikubali, Bibi anapoteza mamlaka ya wageni. Nahitaji matatu. Mama karudi kutoka kazini hoi, katia saini bila kusoma. Safwan kakubali nikimpigia pasi kanzu zake mwezi mzima. La tatu ni langu. Bibi kauliza, jimbo lako lina wakaazi wangapi? Wawili. Balqees kapinga. Kura sare!
Safwan kasema ahadi ya kanzu iko palepale.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jana usiku nimehamia stoo, kwenye magunia ya mchele. Jimbo jipya, mkaazi mmoja. Asubuhi Bibi kaingia bila hodi, kitabu changu cha shule kwapani. Kasema mchele ukitoka stoo kwenda jikoni ni biashara baina ya majimbo, na kitabu kinaipa serikali kuu biashara hiyo, kwa hiyo yeye ndiye mwenye amri. Kaniachia sinia nichambue.

Balqees kaniletea chai. Kasema kitanda kinatosha wawili, na peke yake hapati usingizi, anamkumbuka mama yake. Maskini. Nimeshukuru kwa kichwa tu.

Roshani bado haina serikali. Kesho naiandikia katiba, kwa wino mwekundu.