Volti Elfu Thelathini na Tatu

Hapa Maisaka mafundi umeme wako wengi, lakini anayeamini kwamba hata radi ingekutana naye njiani ingempa shikamoo ni mmoja tu, naye ni Rogath!

Rogath ndiye aliyefunga umeme kwenye mashine ya kusaga ya Mama Scola. Kazi ilikuwa safi, tusimnyime haki yake. Shida ilikuwa kibandiko cha tahadhari. Umeme wa mashine ni volti mia nne, na vibandiko vya mia nne dukani vilikuwepo, vidogo, vya njano, vyenye adabu zao. Rogath akaona vitamshushia hadhi. Akachukua kile cha nguzo kubwa za barabarani, chenye fuvu, mifupa miwili na maandishi mekundu: HATARI! VOLTI 33,000.

Lo! Kisanduku cha swichi kikageuka kituo cha kufua umeme. Wateja walikipita kiubavuubavu, wamekumbatia madebe ya mahindi. Aliyeuliza aliambiwa na Rogath kwamba umeme ule unamjua kwa jina.

Jumamosi moja kamati ya ujenzi ya kigango cha kanisa ikaja kukagua kazi yake, maana ilitafuta fundi wa umeme wa ukumbi mpya. Tangu masika Rogath hakuwa ameshika kazi ya maana, na hii aliitaka mpaka usingizi ukampotea.

Mwenyekiti, Mwalimu Paskali, akaitikia shikamoo yake, akavaa miwani, akasoma kibandiko, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fundi, volti hizi zote umezifunga wewe?"

"Peke yangu, Mwalimu. Wala sikuvaa glavu."

Wanakamati wakasogea kando kunong'ona. Rogath akatuna kifua, akijiona tayari yuko juu ya ngazi ukumbini.

Mwalimu alirudi na uso wa msibani. Akaeleza kwa upole kwamba ukumbi wao ni wa taa nane na kipaza sauti kimoja. Kumsumbua mtu wa kiwango kile wangeona aibu, kwa hiyo wangemchukua Dominiko, yule anayetengeneza redio karibu na stendi.

Rogath akakitazama kibandiko chake. Abaki shujaa asiye na kazi, au aseme kweli mbele ya watu wote wale? Njaa ikashinda.

"Mwalimu, ni mia nne tu. Nilikuwa najionyesha."

Mama Scola akaacha kupepeta. Alisema kwamba kwa miezi mitatu alikuwa anaogopa kufagia chini ya kisanduku kile, kisha akachukua ufagio, akafagia.

Mwalimu akavua miwani.

"Umeme tumpe Dominiko hivyo hivyo. Ila hicho kibandiko tunakihitaji. Wezi wametusumbua sana kwenye stoo yetu ya mbaazi."

Kwa hiyo mchana ule ule Rogath akakibandua na kwenda kukibandika mwenyewe, kwa mikono miwili, kwenye mlango wa mbao wa stoo isiyo na hata waya mmoja. Alijicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nyumbani mkewe, Anjela, akamuuliza kama kazi ya kigango ameipata.

Akajibu kwamba ameipata, na ameshaimaliza.