Kitengela Yateuliwa Kuwa Nairobi ya Zamani

Wananchi wote wanaarifiwa kwa fahari kubwa kwamba Nairobi ya zamani, iliyotafutwa Nairobi yenyewe ikakosekana, hatimaye imepatikana. Iko Kitengela.

Tangazo hilo lilisomwa na Mkurugenzi Parsaoti mwenyewe, bosi wa Idara ya Mandhari, Filamu na Mitaa Inayofanana, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili umma umwone mzima, viatu vikiwemo. Kampuni moja ya filamu, alieleza, ilizunguka jiji zima ikitafuta mtaa wenye nyumba za chini, mabati yenye kutu na uwanja wazi katikati. Ikakosa. Palipokuwa na uwanja pana ghorofa, palipokuwa na ghorofa pana ghorofa refu zaidi, na palipokuwa na mto pana hoteli, na mto umeambiwa usubiri mvua.

"Lakini Idara haikutikisika," akasema. "Tumeandaa Mkakati Jumuishi wa Uigizaji wa Mahali. Kitengela itaigiza Nairobi ya zamani. Ngong itaigiza Kitengela ya zamani. Matasia itaigiza Ngong, na Ewuaso Kedong itaigiza Matasia."

"Na Ewuaso Kedong ya zamani itaigizwa na nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Na sisi tukishakuwa Nairobi, tutaibiwa kama Nairobi ama tutaendelea kuibiwa kama kawaida?"

Umati ukacheka. Mkurugenzi hakuhitaji kuangalia aliyeuliza. Alikuwa Resian, muuza maziwa, mke wa mwanaume wa rika lake, kwa hiyo kimila hangeweza kumtukana. Angeweza tu kumpuuza, na kwa kupuuza alikuwa na uzoefu wa miaka mingi.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja, na mji mzima uliujua. Katikati ya mtaa kuna Uwanja wa Birika, ardhi ya umma tangu siku zile ng'ombe waliponyweshwa hapo wakielekea mnadani. Ulikuwa mpana, mtu akiita upande huu, aliye upande wa pili anadhani ni upepo. Siku hizi umebaki kama sweta iliyofuliwa kwa maji moto. Ndipo Resian, rafiki yake Wamaitha na kina mama wengine huuza maziwa kila asubuhi. Kando yake limesimama Parsaoti Plaza, ghorofa tano. Ofisi ya Idara iko chini kabisa, imekodishwa baada ya Mkurugenzi kujadiliana kwa ukali na mwenye jengo, yaani yeye, hadi wote wawili wakaridhika.

Kina mama walisema mawe ya mpaka yalihamishwa ndipo Plaza ikapata pa kukaa. Mkurugenzi alikuwa na jibu moja tu. "Shemeji, mawe hayana miguu."

Na sasa hata hicho kipande kilichobaki kingezungushiwa ukuta filamu ikiisha, kwa lengo la kuhifadhi mandhari. Kina mama wangehifadhiwa kando ya barabara kuu, baina ya malori na mtaro.

Kazi ya filamu ikaanza. Mwongozaji alikuwa Nyawira, binti wa sauti ndogo na kofia kubwa. Hadithi yake ilihusu mwizi wa zamani aliyenyakua uwanja wa umma jijini kwa kung'oa mawe ya mpaka usiku. Mkurugenzi alisoma muhtasari, akasikitika sana.

"Nairobi ni pabaya," akasema, akaidhinisha.

Shida ilikuwa moja. Idara hairuhusu kazi baada ya saa kumi na moja, na mwizi wa hadithi aliiba usiku. Mkurugenzi akatoa waraka: ndani ya Uwanja wa Birika, saa sita mchana itahesabiwa kuwa usiku wa manane. Askari wa Idara wakapewa kurunzi. Wapita njia waliokuwa wakitokwa na jasho waliombwa kuonyesha dalili za baridi. Jogoo mmoja aliwika, akapewa onyo.

Sehemu ya mwizi ilichukuliwa na Dennis, kijana wa Ngong mwenye kifua cha mazoezi. Jukumu la mpimaji wa ardhi lilipewa mpimaji wa kweli, Wamalwa, kwa sababu alikuja na mashine yake. Kina mama wa maziwa nao wakaambiwa wamwimbie mwizi akirudi nyumbani, kana kwamba wanamsifu.

Dennis akaling'oa jiwe la mpaka, yaani bikoni, kwa mtaimbo, akalikumbatia, akalibeba kifuani, akatembea nalo polepole huku akiangalia mwezi ambao haukuwepo. Resian akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia kwa mabega na shingo:

"Dennis, ndume mweusi,
ulisogeza nchi kwa mkono mmoja,
wanaume wa hapa walikuwa wamelala!"

Mkurugenzi, aliyekaa kwenye kiti cha heshima, akahisi kitu kikimwasha chini ya tai.

Ni lazima ieleweke. Kwa watu wa Parsaoti, simba ni wa yule aliyetia mkuki wa kwanza. Wengine wote wanaweza kuutoboa mzoga mpaka uwe chujio, lakini manyoya ya shingo ni ya mkuki wa kwanza, na wimbo ni wake pia. Mnyime mwanaume ng'ombe, atavumilia. Mwimbie kijana wa watu mkuki ambao si wake, mwenye mkuki akiwa amekaa hapo anasikia, na utaona.

"Walikuwa wamelala! Walikoroma!" wakaitikia kina mama.

"Kata!" Mkurugenzi akasimama. "Kata, kata!"

"Mheshimiwa," Nyawira akasema kwa upole, "kukata ni kazi yangu."

"Huyu kijana amebeba bikoni kama keki ya harusi! Bikoni haibebwi hivyo."

"Sasa inabebwa aje, mzae?" Dennis akauliza.

"Haibebwi. Inaviringishwa. Ukibeba, mgongo unaisha kabla ya jiwe la pili."

"Shemeji, kaa chini," Resian akasema. "Hii ni kazi ya simba. Wewe ni mtu wa ofisi."

"Wa kushika kalamu," Wamaitha akaongeza. "Mkono laini kama wa bibi harusi."

"Mimi?" Mkurugenzi akavua koti. "Mimi, mkono laini?"

Nyawira aliwaashiria wapiga picha wake wawili wasizime.

Mkurugenzi akamwamuru Dennis ashushe jiwe, akauchukua mtaimbo, akaupitisha chini ya jiwe, akaliinua upande, akaliviringisha kwa mguu kwa ustadi ambao hata Wamalwa aliupigia makofi. Kisha, kwa kuwa fundi hafundishi nusu, akaongoza msafara wote, kamera, askari, kurunzi na kina mama, mpaka nyuma ya Parsaoti Plaza, kwenye ua wa bougainvillea.

"Nyinyi mnasoma vitabu," akamwambia Nyawira. "Mimi nilikuwa hapa. Jiwe la kwanza lilikuwa hapa. Liling'oka. Lakini chuma chake kilikataa, kimeshikwa na saruji ya mzungu. Sasa mtu mjinga angefanya nini? Angekiacha. Mimi nikakizika, nikapanda maua juu. Chimba, kijana!"

Dennis akapokea mtaimbo, akachimba. Mtaimbo ukalia, ng'ee. Chuma kikatokea, chekundu kwa kutu, kimesimama wima kama shahidi aliyechoka kuketi.

Resian akauanza wimbo upya, mara hii na jina la mwenyewe:

"Parsaoti, ndume mweusi,
ulisogeza nchi kwa mkono mmoja!
Mawe mawili uliyang'oa peke yako!"

"Manne," Mkurugenzi akarekebisha, kamera zikimwangalia usoni. "Yalikuwa manne." Akauchukua mtaimbo kwa Dennis, akauinua juu. Hakuwahi kupendeza hivyo.

Ni Wamalwa aliyeharibu sherehe. Aliajiriwa kujifanya anapima, lakini kujifanya hakukujua, kwa hiyo alikuwa amepima. Akainua macho kutoka kwenye mashine.

"Mzee, kutoka hiki chuma hadi bikoni ya kule barabarani, ile haijaguswa, mstari wa mpaka unaingia dirisha la ofisi yako. Unatokea mlangoni."

Mkurugenzi akashusha mtaimbo. Akatazama kamera ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama simu zilizoinuliwa na mtaa mzima.

"Nilikuwa naigiza," akasema.

"Sehemu gani?" Nyawira akauliza. "Mimi sikukupa sehemu."

"Basi futa hiyo kitu!"

"Uncle, hii iko TikTok tayari," kijana mmoja akamwambia kwa huruma. "Unatrendi."

Watu wa ardhi walikuja kutoka Kajiado wiki hiyo hiyo, wakakitazama chuma, wakaitazama video, wakamtazama Mkurugenzi. Aliwaeleza kwamba yeye ni mhasiriwa wa sanaa. Wakaandika hivyo, kisha wakatoa amri: uwanja urudi kwenye mpaka wake, na ukuta uliopangwa usijengwe kamwe. Kwa kuwa korti ndiyo ingeamua jengo libomolewe lini, kwa sasa Wamalwa alivuta kamba ya manjano kutoka dirishani hadi mlangoni.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi alikuta foleni ndefu ikitoka nje ya ofisi yake. Akadhani ni waandishi wa habari, akanyoosha tai, akapenya hadi ndani. Resian alikuwa amepanga mitungi ya maziwa juu ya meza yake ya mvule. Wamaitha alikuwa akipima kwa kikombe.

"Takwenya, shemeji," Mkurugenzi akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Iko," Resian akaitikia salamu. "Angalia kamba vizuri. Kiti kiko upande wako, hatujakigusa. Meza iko uwanjani."

"Resian, hii ni ofisi ya serikali!"

"Ng'ambo ya kamba ni serikali. Hapa ni soko. Unataka nusu lita ama lita nzima?"

Mkurugenzi akafungua mdomo kutoa waraka. Nyuma yake mzee mwenye chupa tupu akamgusa bega.

"Mzee, kama hununui, toka kwa laini."