Onyo la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshinda drafti mara mbili leo, kibarazani kwa fundi viatu. Hakuna aliyenipongeza. Kinyozi kashindwa mara moja, na yeye ndiye aliyepigiwa makofi! Kisa chenyewe: Mzee Posta, karani mstaafu wa barua, alitaka kusogeza kete mahali pa kuliwa. Kinyozi akamwambia atazame tena. Mzee akatazama, akairudisha, akashinda. Watu wakasema huo ndio uungwana. Nikasema ni uzembe. Walinisikia vizuri, wakapanga kete upya.

Nyumbani habari zilishafika. Mke wangu kamsifu Kinyozi mpaka chai yangu ikapoa. Mimi namshonea mke huyu nguo mwaka wa kumi na moja. Sijawahi kusifiwa mimi hata chai ya mtu ikapoa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Wanapenda kuonywa? Nitawaonya. Tena nitawaonya wanapopatia.

Nimeanza na fundi viatu. Alikuwa anasogeza kete ya pembeni, hatua safi, ingenibana kabisa. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani aangalie vizuri hapo. Akasita. Akasogeza nyingine. Nikamla tatu. Akanishukuru! Mtu mmoja akasema kumbe fundi cherehani naye ana utu. Nimeshona suruali mbili bila kukosea mshono.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Nimemwonya Mzee Posta mara tatu, kaliwa mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaniuliza mbele ya wote: “Fundi, mbona kila ukinionya naliwa?”

Na nani akanitetea? Kinyozi. Akasema macho yangu huchoka na sindano, pengine sikuona sawasawa, na nia yangu ilikuwa njema. Wote wakamkubalia. Wakamsifu tena, safari hii kwa kunitetea. Ningeweza kuvumilia matusi.

Ijumaa, 7 Machi
Fainali ya mashindano ya kibarazani. Mshindi ataiwakilisha mitaa yetu dhidi ya watu wa sokoni. Mimi na Kinyozi. Mke wangu kaja kutazama, kwa mara ya kwanza, pamoja na dada yake. Amevaa gauni nililomshonea mimi. Nikajua leo ni leo.

Nilikuwa mbele kwa kete mbili. Nikaishika ya kumalizia. Kinyozi akainama, akasema taratibu, “Jirani, usiiachie kwanza. Tazama pembe ile.”

Nilicheka moyoni. Ananifanyia mimi hila yangu mwenyewe? Sikutazama pembe yoyote. Nikaiachia.

Hakucheza mara moja. Alinitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Kisha akala kete nne kwa mruko mmoja.

Njiani mke wangu na dada yake walizungumzia mvua. Tulipofika mlangoni, shemeji akiwa ameshaaga, mke wangu akasema kwa upole, “Lakini alikuambia, baba watoto.” Akaingia ndani. Bora angenigombeza.

Jumapili, 9 Machi
Kinyozi kawashinda watu wa sokoni, watatu, na wote kawaonya. Mmoja kamkumbatia. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniombea nafasi hiyo, akiwaambia wenzetu kwamba nacheza vizuri kuliko wanavyodhani. Nilikaa kwenye kigoda kwa muda wa saa tatu nikiwaza tu: ananitakia nini mtu huyu?

Jumatatu, 10 Machi
Nimeelewa. Nimefikiri tangu asubuhi na sasa naona wazi nilipokosea. Kinyozi huonya kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa naonya kwa sauti ya juu. Tofauti yetu ni hiyo tu, hakuna nyingine.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja. “Tazama tena, mzee wangu.” Chini kidogo. “Tazama tena.” Mama mmoja aliyefuata sketi yake kaniuliza kama koo linaniuma, akanishauri nisukutue na maji ya chumvi.

Kesho naanza upya na Mzee Posta.