Mita Elfu Mbili Juu ya Tibirinzi

Jumatatu, 1 Septemba

Nafasi ni moja! Mzee Bakar, katibu wa chama chetu cha baiskeli, ametangaza baada ya alasiri. Chama kitampeleka mtu mmoja bara, kwenye mashindano ya milimani huko Upare mwezi ujao. Kilomita sitini za vijiji na msitu, mita elfu mbili juu ya bahari. Nikarudi Tibirinzi naendesha macho nimefumba nusu. Nikauona msitu wenyewe: miti imeota ndevu za kuvu, baridi, mawingu yanapita chini ya magurudumu yangu. Nikaingia kwenye jamvi la karafuu alizoanika jirani yetu Bi Mwanamize. Alinitukana mpaka nikafika kwetu.

Nina miaka arubaini na moja, yote ya hapa kisiwani, na sijauona mlima kwa macho yangu. Nautaka huu kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Mama nimemwambia nimeshachaguliwa. Na majirani. Na imamu.

Majaribio ni Jumamosi, Konde hadi Vumawimbi kupitia msitu wa Ngezi. Waombaji wawili tu, mimi na Elineema.

Jumanne, 2 Septemba

Elineema ni afisa kilimo, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Kazaliwa huko huko Upare! Mapafu yake yamekulia mlimani. Si haki hata kidogo. Anasema hajamwona mama yake miaka minne, ndiyo maana anaitaka safari. Nimempa pole. Pole ya kweli, nusu yake.

Nimesoma kwamba huko juu hewa ni nyepesi. Basi nimejifunga kikoi puani na mdomoni, nikapanda kilima cha sokoni mara mbili. Mara ya pili niliona nyota mchana, za buluu, nzuri sana. Nikakaa ukingoni mwa barabara kuziangalia. Mama akapita, akauliza nakwenda kumwibia nani.

Alhamisi, 4 Septemba

Akili imekuja! Njia yote kabla ya msitu ina mabaraza, na kila baraza lina wazee. Kwetu hupiti mbele ya mzee juu ya baiskeli. Unashuka, unaamkia, unajibu unaloulizwa. Leo nimeyazungukia mabaraza yote manne. Kila mahali nimesema: Jumamosi anapita mgeni kutoka bara, mtu mwema, anapenda mno kukaa na wazee, msimwache apite hivi hivi. Wamefurahi! Mzee Jaribu, wa baraza la mwisho, akauliza kama mgeni anakunywa madafu. Nikasema matatu kwa mpigo. Mimi nitakuwa mbele, nitapita na shikamoo ya juu juu.

Nimelala mchana. Nimeota nashuka mlima bila breki na bila woga.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umevimba.

Tuliondoka Konde saa moja asubuhi. Nikatangulia. Baraza la kwanza, shikamoo ya juu juu. Nikasikia, "Shuka we! Si mjukuu wa Suud weye?" Nikashuka. Mama yangu hajambo? Shangazi yangu wa Wesha, goti lake? Mikarafuu yetu imebaki mingapi? (Mitano. Ilikuwa sita.) Mara Elineema akatokea, akashuka kwa adabu zake. Wazee wakainuka wote. Nikajua wameshamnasa. Aa wapi! Mgeni yuko safarini, hacheleweshwi. Wakamtia mkononi dafu lililokwisha tobolewa, wakampandisha baiskeli, wakamsukuma mpaka juu ya kilima. Kisha wakarudi kwangu. Tulikuwa tumefikia wapi? Kwa shangazi.

Mabaraza manne! La pili walikuwa wamemfyekea njia. La tatu walimvusha kijito, baiskeli begani. Mzee Jaribu nilimwomba anipishe na mimi, nina haraka. Akanijibu, "Haraka ya nini, yakhe? Weye u kwenu."

Nilipoingia Ngezi nilikuwa peke yangu. Na hapo sijui nisemeje. Ukungu ulikuwa bado umekaa kati ya miti. Jua linaingia vipande vipande. Popo wakubwa wamening'inia juu, kimya. Njia ikapanda, mizizi imekaa kama ngazi, nikapanda nayo bila kuhema. Nikamsahau Elineema. Nikaisahau nafasi. Nilikuwa mita elfu mbili, naapa. Nikaachia mikono yote miwili.

Mzizi.

Nikabaki pale pale chali, natazama majani. Maumivu yalichelewa kuja. Aliyerudi kunitafuta ni Elineema, keshashinda. Aliponikuta nimelala nacheka alidhani nimeumia kichwa. Nikamuuliza kama mlimani ndivyo kulivyo. Akakaa chini, akafikiri, akasema kwao kuna baridi zaidi, lakini ndivyo. Nikalia kidogo. Nimeusingizia mkono.

Jumapili, 7 Septemba

Mama keshajua kwamba nilikuwa sijachaguliwa. Imamu pia. Sitoki nje.

Elineema kaja na chai ya tangawizi. Anasema mashindano yanapokea pia mtu anayejisafirisha mwenyewe, nami nifuatane naye. Kwa mama yake kuna kitanda, na baiskeli yake ya pili nichukue. Nauli anatoa Mama, amechoka kuulizwa na majirani. Nitauona mlima! Nilitaka kumweleza Elineema habari ya mabaraza. Nikaona asubuhi nzuri namna ile, kwa nini niiharibu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimelitambua kosa langu! Hila ilikuwa nzuri, ila niliigeuza upande. Mwenyeji hushuka, mgeni hupita. Na Upare mgeni ni nani? Mimi!

Nimemwomba Elineema namba ya mama yake, nipate kumsalimia kwa heshima. Nimempigia. Nikamwambia, mama, waambie wazee wote wa njia ya mashindano kwamba mwanao anapita, miaka minne hawajamwona, wasimwache apite hivi hivi. Alifurahi mpaka akalia. Akasema atapeleka habari nyumba kwa nyumba, ya mwanawe na yangu pia, maana kwao mgeni hapiti mlangoni kwa mtu bila kula. Akazihesabu nyumba za njiani. Kumi na tisa. Akauliza kama napenda makande.

Nikasema napenda mno! (Sijawahi kuyala.) Watu wakarimu hawa. Nimekwisha shinda.